Chanjo ya Unga Inakuja. Sheria Zetu Ziko Wapi?

Makamanda, kuna habari inazunguka sana kwenye magrupu yetu. Inasema Wamarekani wamegundua chanjo ya madawa ya kulevya: ukichomwa, unga haukupandi tena, mchezo umeisha. Chini ya habari hiyo maoni yamegawanyika mara mbili. Kundi la kwanza linataka serikali iagize kesho asubuhi na wachomwe wote kule vijiweni, wapende wasipende. Kundi la pili linasema hiyo ni mbinu ya mabeberu na hakuna kuchomwa kitu.

Naandika kuyapinga makundi yote mawili. La kwanza linadhani sindano inaweza kufanya kazi ambayo serikali imeshindwa kuifanya. La pili linadhani tukikataa sindano, tatizo litaondoka lenyewe. Katikati yao kuna maelfu ya vijana wa umri wetu, Temeke, Kinondoni, Tanga, Unguja, ambao leo usiku watatafuta kete. Hao hakuna kundi linalowauliza.

Tuanze na ukweli wa kisayansi, kwa sababu ukiukosea huo, hoja yote inayofuata inapotea.

Chanjo hii inafanyaje kazi

Chanjo tulizochomwa utotoni, za surua au pepopunda, zinaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Shida ya heroini ni kwamba molekuli yake ni ndogo mno, kinga ya mwili haiioni kama adui. Kwa hiyo watafiti wanaibandika juu ya protini kubwa, mara nyingi ile ile inayotumika kwenye chanjo ya pepopunda, halafu wanaichoma. Mwili ukiiona protini unashtuka, unatengeneza kingamwili, na baadhi ya hizo zinajifunza kuidaka dawa yenyewe.

Siku mtu huyo akivuta au akijidunga, kingamwili zinaidaka dawa ikiwa bado kwenye damu. Kingamwili ni kubwa, haziwezi kupenya ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Dawa iliyodakwa inabaki nje. Hakuna stimu. Na kwa kuwa anayezidisha dozi hufa pale ubongo unapoacha kuamrisha mapafu yapumue, dawa isiyofika kwenye ubongo haiwezi kumwua kwa njia hiyo.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1974 jarida la Nature lilichapisha jaribio la tumbili mmoja aliyekuwa amezoeshwa kujipatia heroini. Baada ya kuchanjwa dhidi ya mofini, hamasa yake ya kuitafuta ikapungua. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita! Baadaye zikaja chanjo za uraibu mwingine, na historia yake inapaswa kutupunguzia shangwe. Chanjo ya kokeini iliyochapishiwa matokeo mwaka 2009 ilifanikiwa kupandisha kingamwili za kutosha kwa asilimia 38 tu ya waliochanjwa. Chanjo ya nikotini iliyoitwa NicVAX ilifika hatua ya tatu ya majaribio, na mwaka 2011 ikashindwa kuizidi sindano bandia.

Kwa upande wa afyuni na jamaa zake, mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya Scripps ya Marekani walionyesha chanjo ya heroini ikifanya kazi kwa nyani. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Columbia kwa kushirikiana na watafiti wa Minnesota kilianza kuijaribu kwa binadamu chanjo dhidi ya oksikodoni, dawa ya maumivu ambayo imewatumbukiza Wamarekani wengi kwenye uraibu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston wakachapisha matokeo ya chanjo dhidi ya fentanili kwa panya. Hiyo ya panya ndiyo iliyozaa vichwa vya habari vingi mnavyovisambaza.

Kwa hiyo anayekwambia chanjo ipo tayari, inasubiri ndege tu ije, anakudanganya. Anayekwambia ni hadithi ya kutunga anakudanganya pia.

Haitibu arosto

Kila mtaa wa Dar una mtu anayejua arosto ni nini: mwili unatetemeka, tumbo linakata, mifupa inauma kama imevunjwa, usingizi hakuna. Chanjo haigusi arosto. Haigusi hamu, wala haigusi sababu iliyomfanya mtu aanze. Kazi yake ni kuziba njia ya kwenda kwenye ubongo, basi.

Maana yake ni nini? Ukimchanja mtu kwa nguvu halafu ukamrudisha kijiweni bila matibabu mengine, anaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, aongeze dozi ili azishinde kingamwili, maana kingamwili zina ukomo wake na dawa ikizidi nyingine inapita. Kwenye majaribio ya kokeini kuna walioonekana wakifanya hivyo. La pili, ahamie dawa nyingine, kwa sababu kingamwili hizi zinachagua sana. Ya fentanili inaidaka fentanili na kuiacha heroini ipite kama haioni.

Uchaguzi huo una faida pia. Kingamwili za heroini hazishiki methadoni wala naloksoni. Mgonjwa anaweza kuchanjwa huku anaendelea na methadoni, na akizidiwa anaweza kuokolewa kwa naloksoni kama kawaida. Ndiyo maana watafiti wenyewe wanasema chanjo hii ni ya kuongezea kwenye matibabu yaliyopo, siyo ya kuyaondoa. Nani anaifaidi zaidi? Mtu ambaye tayari ameacha na anaogopa kurudi. Fikiria kijana anayetoka gerezani baada ya mwaka mzima bila unga. Mwili wake umeshapoteza uzoefu, na dozi aliyokuwa anaimudu zamani sasa inaweza kumwua. Kwa huyo, miezi michache ya kingamwili inaweza kuwa tofauti ya kuzikwa na kuzeeka.

Chanjo ya nani?

Hapa ndipo siasa inapoingia, na ni siasa yetu.

Marekani inapoteza watu kwa dozi zilizozidi kwa idadi ya kutisha. Mwaka 2021 vifo vilipita 100,000, na vingi vilitokana na fentanili. Kwa hiyo ni haki yao kuelekeza pesa za utafiti kwenye fentanili. Lakini kijana wa Magomeni hafi kwa fentanili. Huku kwetu ni heroini, inayotoka Afghanistan, inapita pwani ya Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi na kushushwa kwenye pwani yetu na ya jirani zetu Kenya na Msumbiji. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini. Tani! Hiyo ni mizigo ya watu wenye mitaji, siyo ya kijana anayeokota chupa ili apate hela ya kete.

Sasa ongeza jambo jingine. Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni mwaka 2022, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaripoti kilimo hicho kimeanguka kwa asilimia 95. Heroini ikiadimika, wafanyabiashara hawaendi kulima mahindi. Wanatafuta mbadala wa maabara. Sierra Leone ilitangaza hali ya dharura mwaka 2024 kwa sababu ya kush, na wachunguzi wamekuta ndani yake dawa za jamii ya nitazini, ambazo ni afyuni za maabara zenye nguvu kubwa. Tukiweka matumaini yetu yote kwenye chanjo ya heroini halafu soko likahama, tutakuwa tumechanja watu dhidi ya jana.

Na kuna swali la mofini. Heroini ikiingia mwilini inageuka kuwa mofini. Chanjo inayodaka heroini vizuri inaweza kuidaka mofini pia. Aliyechanjwa akija kupata saratani, akalazwa Ocean Road, ile dawa ya kumtuliza maumivu inaweza isimsaidie ipasavyo wakati kingamwili zipo. Huo ni uamuzi mkubwa wa maisha ya mtu. Mkuu wa wilaya hana mamlaka ya kumwamulia, na wala kundi letu la WhatsApp halina.

Ridhaa ni ya nani

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo mnivumilie kidogo hapa.

Hatari kubwa ya chanjo hii katika nchi kama yetu si madhara yake ya mwili. Ni jinsi dola inavyoweza kuitumia. Mchukulie kijana aliyekamatwa na kete mbili. Hakimu anamwambia: kubali sindano upate dhamana, au kaa mahabusu. Je, hiyo ni ridhaa? Au mkuu wa gereza anawapanga wafungwa mstari. Au mwajiri anapima damu, anakuta kingamwili za heroini, anajua wewe ulikuwa mtumiaji hata kama umeacha miaka mitatu. Chanjo ya surua haikuachii fedheha yoyote. Hii inaweza kukuandika kwenye damu yako mwenyewe.

Katiba yetu ina majibu ya msingi. Ibara ya 12 inalinda utu wa kila mtu. Ibara ya 13(6)(e) inapiga marufuku mateso na adhabu za kudhalilisha. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na nafsi yake. Lakini ibara za Katiba bila sheria mahususi ni kama mwamvuli uliofungwa kwenye mvua. Tunao mfano wa kuiga: Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inaweka ridhaa kuwa msingi wa kupima, isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Linalokosekana ni kifungu kinachosema wazi kwamba hakuna tiba ya uraibu, iwe chanjo au nyingine, itakayokuwa sharti la dhamana, la kupunguziwa kifungo au la kupata kazi.

Kifungu hicho kiandikwe sasa, kabla sindano haijafika. Sheria inayoandikwa baada ya tukio huandikwa kumlinda aliyelifanya.

Kuna na suala la hataza. Nchi zinazoendelea kwa kiwango cha chini, Tanzania ikiwemo, zimepewa nafuu chini ya mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani: hadi Januari 1, 2033 hazilazimiki kulinda hataza za dawa. Azimio la Doha la mwaka 2001 linaongeza kwamba afya ya umma ina nafasi mbele ya biashara. Lakini nafuu hiyo haifanyi kazi yenyewe, ni lazima nchi iiingize kwenye sheria zake na ijenge uwezo wa kuitumia. Chanjo hii ikikamilika, itauzwa kwa bei ya Marekani kwanza. Wabunge wanaopitisha bajeti kwa kugonga meza wameshawahi kuuliza hili hata siku moja?

Kilichopo leo

Wakati tunabishana juu ya sindano ya kesho, dawa ya leo ipo. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na wakati huo nchi za Afrika zenye huduma hiyo hospitali za umma zilikuwa za kuhesabu. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014. Methadoni inaondoa arosto, inatuliza hamu, na mtu anapata nafasi ya kurudi kazini na kwa familia yake. Kwa kuwa wanaojidunga wana kiwango cha VVU cha juu mara kadhaa kuliko wananchi wengine, kila anayeacha sindano anakinga na wengine.

Nisiwe mchoyo: huo ni uamuzi mzuri uliofanywa na serikali hii hii tunayoipinga, na madaktari na wauguzi waliousimamia wanastahili heshima. Upinzani usioweza kusema hivyo unakuwa kelele tu.

Lakini tuangalie ilivyo kwa mgonjwa. Methadoni inanywewa mbele ya muuguzi, na kwa wengi ni kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anayeishi mbali na kituo anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Ni kibarua gani kitakachomsubiri kila asubuhi? Akikosa nauli siku tatu, arosto inamrudisha kijiweni. Sehemu kubwa ya programu hii kwa miaka mingi imebebwa na pesa za Marekani kupitia mfuko wake wa UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, nchi nyingi zilijifunza kwa siku chache maana ya kuweka uhai wa raia wako kwenye saini ya rais wa nchi nyingine. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hatujafika huko bado.

Halafu tukumbuke Februari 2017. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza orodha ya watu 65 kwa ajili ya kuhojiwa kuhusu madawa, na ndani yake alikuwemo Freeman Mbowe, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni. Wiki nzima nchi ilizungumza majina. Hakuna aliyezungumza idadi ya vituo vya methadoni. Vita vya dawa za kulevya vikigeuzwa jukwaa la kuchafuana, mgonjwa ndiye anayesahauliwa wa kwanza.

Na sisi pia tujiangalie. Fungua mabishano yoyote ya vijana wetu mtandaoni. Mtu akiandika jambo tusilolipenda, jibu la haraka ni "teja huyu". Neno hilo linaumiza mtu ambaye hayupo kwenye mabishano kabisa. Kuna wanachama wetu wenye kaka aliye kwenye matibabu, wanasoma, wananyamaza. Huwezi kudai utu wa mahabusu wa kisiasa huku unaukanyaga utu wa mgonjwa wa uraibu. Utu ni mmoja.

Tudai nini

Napendekeza baraza letu la vijana lisimame na madai manne, na yaingie kwenye ilani.

Moja, fungu la kudumu la methadoni na naloksoni kwenye bajeti yetu wenyewe, lisilotegemea mfadhili, na vituo vifuate watu walipo. Anayetulia kwenye tiba apewe dozi za kwenda nazo nyumbani kwa utaratibu salama.

Mbili, sheria irekebishwe ili anayekutwa na kiasi cha matumizi yake apelekwe kwenye tiba badala ya gereza, na kifungu cha ridhaa nilichokieleza kiingizwe. Mwenye jahazi abaki na kesi yake.

Tatu, Tanzania iingie kwenye utafiti kama mshirika. Tunao wataalamu Muhimbili, tunayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tunao wagonjwa wa heroini ambao Marekani hawawajui. Majaribio yakija, yaje na masharti: kamati za maadili zilizo huru, hakuna mfungwa anayejaribiwa kwa shinikizo, na makubaliano ya bei yaandikwe kabla ya sindano ya kwanza kuchomwa.

Nne, nafuu ya hataza iingizwe kwenye sheria na itumike kabla ya 2033 haijatukuta tumelala.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila tawi la vijana litafute kituo cha methadoni kilicho karibu nalo, liulize kinafunguliwa saa ngapi, kinahudumia wangapi, wagonjwa wanatoka wapi na nauli ni kiasi gani. Msipige picha za wagonjwa wala msiandike jina la mtu yeyote. Leteni takwimu hizo kwa makatibu wa mikoa, ili wakati wa bajeti tuingie na namba za mitaani kwetu badala ya vichwa vya habari kutoka Houston.

Chanjo ikifika, na ifike. Ikute watu wetu wako hai, na haki yao ya kusema ndiyo au hapana imeshaandikwa.